Ya Juu, Ya Chini

Mia na sabini na nane kwa mia na nne.
Muuguzi Yasna aliiandika kwa wino mwekundu,
akaizungushia duara kama mwalimu aliyeona kosa.
Mama akauliza: "Nimefeli?"

Zahanati ya Tirúa ina dirisha moja,
na dirisha lina bahari moja, ile ya Pasifiki, baridi,
inayobisha miambani kama mdai asiyechoka.
Humo mama amekata mwani miaka hamsini na mitatu,
maji kiunoni, kisu menoni,
akihesabu mawimbi: la saba ndilo la kukimbia.
Kollof, ndivyo tuuitavyo. Mnene kama mkanda wa askari,
ndani vyumba vyumba, sega lisilo na asali.
Aliuanika mchangani mpaka ukawa rangi ya kutu,
akaufunga matita, akapakia mkokoteni,
yeye na maksai wake, siku nne hadi Temuco,
usiku akilala chini ya magurudumu
huku mvua ikihesabu turubai.

Aliuza. Hakula.
"Mwani ni wa wenye njaa," alisema,
na sisi wenye njaa tukala mkate
na mafuta ya nguruwe, na chumvi,
chumvi ya gumba na vidole viwili,
halafu tena, kwa bahati njema.

Sasa Yasna, ambaye bibi yake alikopa tita kwetu
na hadi leo hajalipa, anasema:
"Mama Eufemia, wapo waliojaribu, mbali huko,
kuwalisha watu mwani kila siku na kuwapima.
Wengine presha ilishuka. Kidogo.
Kidogo, nimesema. Vidonge usiache.
Uloweke usiku kucha, maji yale umwage,
maana bahari haitoi kitu bila chumvi yake.
Wala usizidishe: shingoni pana tezi isiyopenda fujo."

Mama alicheka hadi mashine ikapotea hesabu.
"Dawa nimeibeba mgongoni ujana wote
nikaiuza kwa bei ya kuni!"
Mfinyanzi hulia gaeni, niliwaza,
nikaenda kununua daftari.

Jumatatu, 171. Mwani na viazi, bila chumvi. Amenuna.
Alhamisi, 164. Mwani na dengu. Asema ni tairi la baiskeli.
Jumapili, 166. Hajasema lolote, amemaliza sahani.
Wiki ya tatu, 152. Mwani, kitunguu, limau.
Ameomba aongezewe. Nimejifanya sikusikia, nikampa.
Siku Segundo, kaka yangu, alipokuja
na karatasi za kuuza shamba: 181.
Hakuna mwani wa kushusha hiyo.
Wiki ya saba, 146.

Sijui ni nini.
Labda ni kidonge cheupe cha alfajiri.
Labda ni chumvi iliyofungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi.
Labda ni Segundo kutorudi.
Nilimuuliza Yasna. Naye hajui,
akasema hajui, nikamwamini zaidi.

Ila usiku nausikia mwani ukinywa maji beseni,
ukivimba taratibu,
ukikumbuka umbo lake la mwambani,
na nyuma ya ukuta wa mbao mama anapumua,
damu yake ikijaa, ikipwa,
ikijaa,
ikipwa.

Jana alichukua kipimo, akaenda nacho zizini,
akamfunga mguuni Clavel, maksai wa mwisho,
asiyevuta tena kitu ila ulimi wake.
Mkanda ukavimba, ukakoroma,
kioo kikaandika: KOSA.
Mama akaniita kwa sauti ya ushindi,
majirani wote wakasikia:
"Andika! Naye amefeli.
Leo loweka maradufu."